Gari la Maji Halipigwi Jeki

Maiti ilikuwa chali chini ya gari, miguu nje, kamba za viatu zimefungwa vizuri kama za mtu anayetoka nyumbani kwenda kazini. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, na pua yake imemkalia marehemu kifuani. Jeki ilikuwa imelala ubavu pembeni. Kila aliyechungulia getini alisema neno moja tu: ajali.

Hata mkuu wa kituo alisema ajali, tena kwa simu, bila kuona chochote.

"Inspekta, funga hiyo kazi leo leo. Familia inataka kuzika kesho. Usituletee mambo marefu."

"Ndiyo, afande," Inspekta akajibu, akarudisha simu mfukoni, akasonya.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuchutama mahali ambapo wenzake husimama na mikono kiunoni. Walimcheka kwa hilo. Na wacheke. Kesi nyingi hufia mikononi mwa watu wasiotaka kuchafua suruali.

Akachutama.

Marehemu alikuwa fundi wa bodi za magari, na kwa sababu ya kazi yake watu walimwita Matone. Gari likiingiza maji ya mvua, ukanunua raba mpya, ukabadilisha zulia, ukapeleka kwa mafundi wanaopaka gundi kila mahali, na bado ukifunga breki unasikia maji yanacheza chini ya miguu, mwisho wa yote ulipelekwa kwa Matone. Wengine wanaziba. Yeye alikuwa anatafuta.

"Koplo, njoo huku chini," Inspekta akasema.

"Naona vizuri hapa nilipo, afande."

"Ukiwa hapo unaona kofia yangu. Njoo."

Koplo akakunja magoti kwa shingo upande. Sakafu ya saruji chini ya gari ilikuwa imelowa maji ya rangi ya chai, yenye kutu na majani yaliyooza. Mgongo wa ovaroli ya marehemu ulikuwa umeyanywa yote.

"Maji yametoka ndani ya gari," Koplo akasema. "Si ndiyo kazi yake?"

"Sawa. Sasa angalia ukutani."

Ukutani palikuwa pameegemezwa kipande kipana cha kadibodi, kikavu kabisa, kimebonyea katikati kwa kulaliwa.

"Fundi ana kadibodi yake hatua chache tu, halafu alale kwenye uchafu huu? Kwa raha gani?"

Koplo akakuna kidevu. Inspekta akamwonyesha visigino vya viatu vya marehemu. Vilikuwa vimechubuka nyuma, na kwenye vumbi kulikuwa na mifereji miwili myembamba, inatoka kwenye meza ya nyundo na kuja mpaka pembeni mwa gari. Mtu anayekwenda kulala chini ya gari kwa miguu yake mwenyewe haachi mifereji.

"Piga picha yote haya. Na hiyo jeki usiishike kwa mkono mtupu, nakujua wewe."

Gereji ilikuwa ya ndugu wawili. Upande mmoja chini ya paa la bati ulikuwa wa Matone: nyundo za kunyoshea bati, waya za kuzibulia matundu, mpira wa maji uliozungushwa vizuri ukutani. Upande wa pili ulikuwa wa mdogo wake, fundi injini, aliyeitwa Spana. Huko kulinuka oili, na injini moja ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo. Jeki ilitoka upande huo. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe alama ile ile iliyokuwa kwenye sanduku la Spana.

Spana mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu, kitambaa cha oili mkononi.

"Pole sana, fundi."

"Ahsante, afande."

"Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Ndiyo. Usiku hakurudi nyumbani, tukadhani kazi imemshika; nimefungua geti asubuhi, nikaona miguu. Nikaita, kaka! Kaka! Kimya."

"Jana mliachana saa ngapi?"

"Mchana bado. Nilikwenda kutafuta spea. Nilimwacha na gari hili."

"Lina tatizo gani?"

"Linaingiza maji. Mvua ikinyesha zulia la mbele linalowa, gari linanuka."

"Na chini alifuata nini?"

Spana akajifuta uso kwa kile kitambaa, akajipaka oili shavuni. "Labda kuzibua matundu. Mimi mambo ya bodi siyajui, afande. Mimi ni wa injini."

Inspekta akaangalia vidole vyake. Pembeni mwa kucha kulikuwa na utando mwekundu, gundi ya gasketi, ile wanayopaka mafundi injini kila wanapofunga kitu kisivuje. Fundi injini mwenye gundi ya gasketi kuchani si habari. Hata hivyo akaiweka kichwani.

"Usiende mbali, fundi."

"Niende wapi, afande? Nimebaki peke yangu."

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamejaa sebuleni. Mjane alipoambiwa polisi amefika, alisimama mwenyewe, akamshika Inspekta mkono na kumpeleka jikoni, akafunga mlango. Alikuwa mwembamba, na sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. Ukutani, juu ya jiko, palikuwa na picha ya mtoto wa kike aliyevaa sare ya shule, pengo moja mbele, anacheka.

"Afande, wameniambia gari limemwangukia. Gari gani?"

"La mwalimu mmoja. Linaloingiza maji."

"Na lilikuwa limepigwa jeki?"

"Ndiyo, mama."

Mjane akaachia mkono wa Inspekta. "Basi wamekudanganya. Au wewe unanidanganya mimi."

"Kwa nini?"

"Gari la maji halipigwi jeki!" Aliyasema kwa hasira, kama anayemkaripia mtu aliyekosea kazi. "Ukiliinua pua, maji yote yanakimbilia nyuma yanajificha, utayatafuta mpaka uzeeke. Linatakiwa likae kwenye magurudumu yake, sawasawa, kama lilivyokuwa mvuani. Mmoja anamwaga maji kwa mpira, polepole, anaanzia chini anapanda juu. Mwingine anakaa ndani na tochi, zulia limeng'olewa, anangoja tone la kwanza. Na matundu ya milango unayazibua kwa waya, umechutama, mlango wazi. Chini ya gari anafuata nini? Miaka yote sijamwona akiingia chini ya gari la maji. Fundi mwingine akijaribu, anamfukuza."

"Na wewe umeyajuaje yote haya?"

"Si mimi niliyekuwa nakaa ndani na tochi? Wanawake wenzangu walikuwa wanatolewa out na waume zao. Mimi nilitolewa nikakae kwenye magari yanayonuka soksi." Akacheka. Kicheko hakikufika mbali. Akakigeuza kilio, akajikaza, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Na jana ulikuwa ndani na tochi?"

"Hapana. Tangu mwanangu agongwe sijaingia gari lolote, afande. Hata sokoni naenda kwa miguu. Kazi ya tochi aliichukua shemeji yangu."

"Spana?"

"Huyo huyo. Kaka yake alipofiwa na mtoto, aliacha gereji aliyokuwa, akaja kukaa nasi. Ndiye aliyenishika nisianguke. Jeneza la mtoto alilibeba yeye, upande wa mbele." Akaiangalia picha. "Alikuwa anatoka shule. Watu walisema gari la kijani. Halikusimama. Faili liko kwenu. Kila nikija naambiwa upelelezi unaendelea. Unaendelea kwenda wapi?"

Faili lile halikuwa lake, lakini sare ni moja, na kwa mama aliyefiwa hilo ndilo analoliona.

"Mimi nimeshazika mmoja na neno hilo hilo," mjane akasema. "Ajali. Huyu sitamzika nalo. Mkishindwa kuniambia ni nani, semeni mmeshindwa. Ajali msiniletee."

"Sitakuletea, mama."

Ni ahadi ya kijinga kwa polisi kuitoa. Aliitoa hivyo hivyo.

Daktari wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mbavu zimevunjika," akasema, akivua glovu. "Lakini hazikuvuja damu ya maana. Moyo ulikuwa umeshasimama gari lilipomwangukia. Kilichomuua kiko kisogoni. Kitu kizito, cha chuma, uso wake mviringo na mdogo."

"Nyundo ya kunyoshea bati?"

"Niletee nikulinganishie."

Mchana ule ule zilipelekwa nyundo zote za Matone. Moja ilikuwa safi mno. Nyundo ya fundi bodi haiwi safi hivyo mpaka ioshwe kwa petroli. Daktari akaiweka kwenye jeraha, akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo Matone ameuawa, na aliyemuua amejaribu kutengeneza ajali. Inspekta akajiuliza swali la kwanza ambalo kila mpelelezi hujiuliza: nani alifaidika? Jibu lilikuwa hakuna. Gereji haikuwa na mali. Marehemu hakuwa na ugomvi na mtu. Akaamua kulifuata gari.

Mwenye gari alikuwa mwalimu wa hisabati, mwanamke kijana, na alikuja kituoni amekasirika kabla hajaulizwa.

"Afande, mimi nasikitika kwa msiba, kweli. Lakini gari langu linatolewa lini?"

"Kaa kwanza, mwalimu. Ulilinunua wapi?"

"Kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Zuri, linang'aa. Mvua ya kwanza tu, nikaoga miguu humo ndani."

"Lilikuwa rangi hii hii?"

"Hii hii. Ingawa fundi wa mwanzo aliniambia limepakwa upya. Sikujali. Nani hapaki?"

"Ulipolipeleka kwa Matone, walikupokeaje?"

Mwalimu akafikiri. "Marehemu alifurahi. Alilizunguka, akalitikisa, akasikia maji, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. Lakini yule mdogo wake alikuwa na vituko. Nilipoingia tu getini aliacha kazi yake akanijia dirishani, ananinong'oneza: 'Dada, sisi gari hili hatuliwezi, lipeleke kwingine.' Nikashangaa. Yeye si wa injini? Ya maji yanamhusu nini?"

"Marehemu alisikia?"

"Alisikia. Akamcheka. Akasema bado halijazaliwa gari la maji la kumshinda."

Inspekta akaweka kalamu chini. Mambo ya bodi siyajui, Spana alisema. Asiyeyajua mambo ya bodi anamzuiaje mteja wa bodi?

"Mwalimu, gari utalingoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue maji yanaingilia wapi."

"Afande, hilo hata mimi nimelitafuta mwaka mzima!"

Jioni ile jua lilikuwa bado kali. Inspekta alirudi gereji na Koplo, na mjane akafuata nyuma kwa miguu, hatua kwa hatua, amegoma kupanda gari la polisi. Inspekta alikuwa amemwomba jambo moja, na alijua ni zito.

"Nahitaji mtu anayejua kukaa ndani na tochi, mama. Nikimwita fundi mwingine ataniletea gundi tu. Lakini ukisema hapana, nitaelewa."

Mjane akajifunga kanga upya. "Hii ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya alipokufa?"

"Ndiyo."

"Basi acha niimalize."

Spana alikuwepo. Alipomwona shemeji yake anavua viatu mbele ya mlango wa gari lile, aliruka kutoka kwenye ndoo yake.

"Shemeji, usiingie humo!"

Wote wakamgeukia.

"Kwa nini asiingie?" Inspekta akauliza taratibu.

"Si... si hapandi magari, afande. Amefiwa. Mnamtesa bure. Nitaingia mimi, kazi ya tochi ni yangu."

"Jana uliifanya?"

"Jana nilikwenda kutafuta spea, nimeshasema."

"Basi leo pumzika pia."

"Shemeji, nakuomba." Alikuwa ameshamshika mjane mkono. "Nakupigia magoti. Gari lolote jingine, sio hili."

Mjane alimtazama kwa huruma, masikini, akadhani ni upendo. Akamwondoa mkono polepole. "Niache. Nafanya kwa ajili ya kaka yako."

Akaingia. Viti vya mbele vilikuwa vimeshang'olewa na Matone mwenyewe, zulia limekunjwa nyuma. Mjane akaketi kwenye bati tupu, akawasha tochi, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama mtoni.

"Koplo, fungua maji. Kidogo! Hatuzimi moto hapa. Anza chini ya mlango."

Koplo akamwaga. Inspekta akasimama karibu na Spana, karibu kuliko ilivyo adabu.

"Hakuna. Panda kwenye kioo cha pembeni."

"Tayari."

"Hakuna. Nenda mbele, chini ya waipa. Taratibu, polepole, kama unamwogesha mtoto."

Maji yakatiririka kwenye pembe ya kioo cha mbele. Kwa muda hapakuwa na sauti nyingine ila mpira na pumzi za Spana. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Hapo! Simama hapo!" mjane akaita. "Naliona. Linatoka nyuma ya dashibodi, pembeni kushoto. Na kuna harufu, afande. Kama siki."

Inspekta akamwangalia Koplo. "Fungua plastiki ya chini ya waipa."

Skrubu zilikuwa legelege, kama zilizofungwa na mtu mwenye haraka. Chini ya plastiki, kwenye kiungo cha bati, kulikuwa na gundi nyekundu ya gasketi, mbichi bado, inanuka siki. Ilikuwa imepakwa juu ya bati lililolowa, haikushika. Maji yalipita chini yake kama hayakuiona. Na chini ya gundi mpya kulikuwa na gundi ya zamani, nyekundu vile vile, imekauka na kubanduka.

Kila fundi bodi anajua kwamba kiungo cha bati huzibwa kwa dawa yake. Gundi ya gasketi ni ya injini. Ni fundi injini tu anayeipaka kila mahali, kwa sababu ndiyo mkono wake ulioizoea.

"Onyesha vidole vyako, Spana," Inspekta akasema.

Spana akaficha mikono nyuma.

"Koplo, kwangua hapo. Hiyo pati ya kujazia bati lililobonyea."

Koplo akakwangua kwa bisibisi. Pati ikatoka mapande mapande. Bati chini yake lilikuwa na bonde, limenyoshwa kwa kubahatisha, limechomelewa vibaya. Rangi ya fedha ikabanduka ganda zima. Koplo, ambaye hakujua anachosema, akasema kwa sauti kubwa:

"Afande! Kumbe huku chini lilikuwa la kijani!"

Laiti angejiuma ulimi. Inspekta alitaka kumziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ndani ya gari tochi ilibaki inawaka. Hakuna aliyetoka. Kisha sauti ya mjane ikasikika, ndogo sana.

"La kijani?"

Spana akaketi chini, kwenye maji ya mpira yaliyokuwa yanatapakaa sakafuni.

"Spana," Inspekta akasema, "una haki ya kunyamaza. Utakalolisema litaandikwa na litatumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nimechoka, afande. Andika."

"Jana ulikwenda kutafuta spea?"

"Sikwenda popote."

"Gari hili ulilijua?"

"Nililijua kwa sauti ya injini kabla halijaingia getini. Nilikuwa gereji nyingine wakati ule. Mwenye gari alihama, akaniachia nimuuzie. Siku ile nilikuwa nalijaribu barabarani." Akameza mate. "Nikamwona mtoto anatoka shule, upande wa pili wa barabara. Nikampigia honi. Nilitaka tu amwone baba yake mdogo anaendesha gari zuri. Basi. Hakuna kingine. Akanitambua. Akakimbia."

"Akakukimbia?" Koplo akauliza.

"Akanikimbilia."

Kutoka ndani ya gari mjane akauliza, "Alikuwa anakuja kwako?"

"Ndiyo, shemeji."

"Anacheka?"

Spana akafunika uso. "Alikuwa anacheka."

Inspekta amekaa kwenye kazi hii muda mrefu na ameona mengi. Hapo alilazimika kugeukia ukuta, akajifanya anatafuta kalamu.

"Hukusimama," akasema bila kugeuka.

"Sikusimama. Nililificha, nikalinyosha mwenyewe, nikalipaka rangi. Sikuthubutu kumpa fundi bodi. Fundi bodi ninayemwamini ni mmoja tu, na ni baba yake. Nikaziba kwa nilichokuwa nacho. Kisha nikaenda kuchukua jeneza."

"Endelea. Jana."

"Kaka alinituma nikae ndani na tochi. Maji yalipofika pembe ya kioo nikaliona tone, linaning'inia kwenye gundi yangu mwenyewe. Nikamwambia, 'Sioni kitu, kaka.' Akarudia kumwaga. Nikasema sioni. Akacheka, akasema, 'Umezeeka macho. Toka, shika mpira.' Akaingia yeye."

"Akaliona."

"Mara moja. Akatoka, akafungua, akakwangua. Hakupiga kelele. Aliishika ile gundi nyekundu, akaiviringisha kati ya vidole, akasema, 'Hii si kazi ya mtu wa bodi.' Kisha akaiona rangi. Kisha akaniangalia mimi."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Badilisha shati. Twende ukamwambie mama yake.' Hayo tu! Angenitukana, afande. Angenipiga. Ningekubali. Akanipa mgongo, akaenda kunawa mikono. Nyundo ilikuwa mezani."

"Ulimuua kaka yako kwa kuogopa jela?"

Spana akainua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana ameudhika. "Jela? Jela ningekwenda siku ile ile. Afande, huyu mwanamke ananipakulia chakula kila siku. Ananiambia, 'Kula, wewe ndiye uliyetubakia.' Nimekula chakula hicho miaka miwili. Sikutaka ajue. Hilo tu. Nilitaka asijue."

"Na jeki?"

"Nilipomaliza kurudishia pati, rangi na gundi pale alipokwangua, nikatafuta ajali, na mimi ajali za gereji ninazozijua ni hizo. Wenzangu wa injini hufa hivyo." Akalitazama gari. "Sikukumbuka kwamba yeye hakuwa wa injini."

Koplo akamfunga pingu. Spana hakuleta ubishi. Alipopita karibu na mlango wa gari alisimama. Akasukumwa mbele kidogo, akaenda.

Inspekta akazima mpira. Akachutama kwenye mlango wa gari. Mjane alikuwa ameketi vile vile, magoti kifuani, tochi inamulika pembe ileile ambayo tone bado lilikuwa linajikusanya na kuanguka, linajikusanya na kuanguka.

"Toka, mama."

"Kwa hiyo nimekaa humu," mjane akasema. "Afande, umeniweka humu."

"Sikujua. Nisamehe."

"Najua hukujua." Akazima tochi, akaiweka kwenye bati kwa uangalifu, kama kifaa cha kazi cha mtu atakayerudi. "Nilikuomba usiniletee ajali. Hukuniletea."

"Ndiyo."

"Ningejua, ningezika na ajali yenu." Akatoka, akavaa viatu vyake kimoja kimoja. "Jeneza la mwanangu lilibebwa na huyu, upande wa mbele. Kesho tunazika tena, na mahali pake panahitaji mtu. Watu wataniuliza yuko wapi. Nitawajibu nini?"

Simu ya Inspekta ikalia. Ilikuwa ya mkuu wa kituo. "Vipi, ile ajali umeifunga?"

"Nimefunga mafaili mawili, afande," akasema, akakata kabla hajapongezwa.

Nje wingu lilikuwa limeshatanda, na matone ya kwanza yalianza kupiga bati. Inspekta akafungua mlango wa gari la polisi, la nyuma, akausimamia wazi.

"Panda, mama. Mvua hii ni kubwa. Nitakufikisha mpaka mlangoni."

Mjane aliutazama mlango ule, akajitanda kanga kichwani.

"Nitatembea," akasema.